Jiwe la Ugoro Lililowahi Kukaliwa na Mlima

Nakumbuka siku moja ya Jumamosi, mwanangu, kwenye nyumba za reli kule Makongeni, watu watano tumelizunguka jiwe lililogawanyika mara mbili, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema neno. Acha nikutajie waliokuwepo, maana hadithi isiyo na majina ya watu mimi huwa siiamini.

Kulikuwa na mimi, Jerida, binti wa Kimaragoli niliyeolewa na Kioko, Mkamba wa Kitui aliyefanya kazi kwenye karakana ya reli. Kulikuwa na Perpetua, Mama Atieno, jirani yangu wa ukuta mmoja, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, mwanamke ambaye hata akinong'ona watu wa nyumba ya tatu walikuwa wanamjibu. Kulikuwa na Wambui wa cherehani, mshonaji kutoka Murang'a, mtu mpole, aliyeshonea verandani kwangu kwa sababu kwake jua lilimpiga machoni. Kulikuwa na Mzee Shiundu wa chumba kinachotazamana na chetu, mtu wa Butere. Mwanawe alikuwa dereva wa garimoshi, na yeye mwenyewe kabla ya kustaafu alikuwa mpishi wa wale watu wa serikali waliozunguka nchi kuchunguza mawe. Na wa tano alikuwa mama mkwe wangu, Nthenya, ambaye sote tulimwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba. Jiwe lilikuwa lake. Aliyelivunja ni mimi. Kioko alikuwa kazini, na mpaka leo naona Mungu alimpendelea.

Ilikuwa miaka ya sabini. Mwaka wenyewe siuandiki, nisije nikabishana na mtu, lakini mtoto wangu wa kwanza, Mutua, alikuwa na meno mawili tu ya chini, na alikuwa akiyatumia yote mawili kuning'ata.

Sasa turudi nyuma kidogo. Mwaitu hakunipenda mwanzoni, na simlaumu. Mwanawe alikuja Nairobi kutafuta kazi, akarudi nyumbani na kazi na Mmaragoli. Mara ya kwanza nilipompikia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, yanayopikwa na maharagwe taratibu mpaka yalainike, niliyafanyia haraka nikayapakua yakiwa bado yanagonga meno. Mwaitu alitafuna kijiko kimoja kwa muda mrefu. Halafu akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Mwanangu, haya ni ya kula au ya kupanda?"

Basi kwa miaka miwili kila alipokuja Nairobi alikuwa akilala kwa binamu yake, mtaa wa Kaloleni. Kwangu alikunywa chai, akambeba mtoto, na jua likianza kushuka akafunga leso yake na kwenda zake. Mtaa mzima ulimwona akienda. Unajua nyumba za reli zilivyo, mwanangu. Mama mkwe hawezi kukataa kulala kwako bila watu wa bombani kujua.

Kisha safari moja akaja na jiwe. Mwaitu alikuwa akinusa ugoro, na ule wa kununua aliuita vumbi la barabara. Tumbaku yake aliisaga mwenyewe, juu ya jiwe alilopewa na mama yake. Lilikuwa na ukubwa wa mkate, bapa upande wa juu, lenye milia myeupe na myeusi kama godoro la hospitali, na jiwe hilo lililala pale tu alipolala yeye. Siku hiyo alilitoa kwenye kiondo, akainama, akalisukuma chini ya kitanda changu.

"Naenda kuvuna," akasema. "Nitarudi baada ya wiki tatu. Nitalala hapa."

Mwanangu, nililia. Chai haijapoa Perpetua alikuwa ameshajua, na akijua Perpetua ujue hata wenye nyumba za upande wa pili wa Jogoo Road wameshapashwa habari. Nilikuwa nimeolewa kanisani miaka miwili kabla, lakini mimi najiona niliolewa siku ile, jiwe lilipoingia chini ya kitanda.

Wiki ya pili nikalitoa kuliosha. Kosa langu la kwanza ni usafi. Mabaki ya ugoro yalikuwa yakimpigisha Mutua chafya, nikalipeleka bombani na kulisugua kwa majani ya mgomba mpaka likatakata. Jua la saa nne likaliangukia. Katikati ya ile milia nikaona vidoa vyekundu, vya mviringo, vikubwa kama punje ya mahindi, vinang'aa.

"Jerida," Perpetua akaita, "hicho unachoosha ni nini?"

"Ni jiwe la Mwaitu."

"Jiwe gani lina macho? Hebu lete. Woi! Woi, Mama Mutua! Hii ni rubi."

"Wewe rubi umeiona wapi?"

"Sijawahi kuiona. Ndiyo maana nimeijua. Hiki ni kitu ambacho sijawahi kukiona."

Usicheke. Siku zile palikuwa na gumzo la vito huko upande wa Taita, kila mtu ana shemeji ambaye rafiki yake ameokota kitu. Na maneno ya Perpetua yalikuwa na uzito. Alishawahi kusema bei ya sukari itapanda, ikapanda.

Wambui peke yake ndiye aliyesema neno la maana, akiwa na pini mdomoni. "Kwa nini tusimuulize Mzee Shiundu? Amebeba mawe ya wale watu maisha yake yote."

"Shiundu alikuwa mpishi," Perpetua akamjibu. "Ukitaka habari za vitunguu, muulize Shiundu."

Mwanangu, Mzee Shiundu alikuwa ndani ya chumba chake. Tulimsikia akikohoa. Ni hatua kumi na mbili kutoka mlango wangu hadi wake, nimezipiga mara nyingi nikimpelekea moto wa jiko, na asubuhi ile zilinishinda. Nilijiambia nitabandua punje moja tu, upande wa chini, Mwaitu hataona, na nitamnunulia blanketi zito la kulalia kwangu. Uone jinsi mtu anavyojidanganya: nilikuwa namwibia ili nimpe zawadi.

Nikachukua nyundo ya Kioko. Nikagonga kidogo, hakuna kitu. Nikagonga tena. Perpetua akasema, "Gonga kama mtu aliyekula." Nikagonga kama mtu aliyekula. Jiwe likapasuka kwa kufuata ile milia yake, likafunguka taratibu kama kitabu, na mimi nikabaki nimeshika nyundo.

"Sasa ukishavunja," Perpetua akasema kwa sauti ndogo kuliko zote nilizowahi kumsikia nazo, "afadhali utoe zote."

Tukazitoa punje tisa. Siku ya pili tukavaa nguo za kanisani. Wambui alikuja na kofia yake yenye ua la manjano, eti sonara akiona tumevaa ovyo atatupunja. Tukaenda mjini kwa miguu, punje zimefungwa kwenye kitambaa, kitambaa kiko kifuani mwa Perpetua, na Perpetua amekikumbatia kifua chake kwa mikono miwili kama mtu mwenye baridi. Sonara alikuwa mzee wa Kihindi, mwenye subira. Kwanza alitazama kofia ya Wambui, akatuuliza kama harusi imeisha. Halafu akaweka ile miwani ya jicho moja, akageuza punje zote tisa, akazipanga, akaziangalia tena.

"Mama," akasema, "rangi iko kweli kabisa. Lakini rubi hapana, tena yote imepasuka ndani. Hii watu nasaga, natengeneza msasa ya kusugua mbao."

Perpetua alimuuliza kama ana hakika. Alimuuliza mara nne. Tulipofika Jogoo Road alizitoa zile punje kifuani, akazitupa mtaroni kwa hasira, moja moja, kila moja na tusi lake.

Sasa nikabaki na vipande viwili na siku nane. Wambui akaenda kwa fundi viatu kuniombea gundi. Tukalipaka jiwe, tukalifunga kwa kamba ya katani, tukaliweka verandani likauke. Ndipo Mzee Shiundu akapita na sufuria yake. Akasimama. Akainama kuangalia ule ufa, akaupuliza vumbi.

"Nani amefanya hivi?"

Wambui akainamia gundi yake. Hata Perpetua alikumbuka ana omena za kuanua.

"Na mimi nilikuwa hapo ndani," akasema, "nikichambua mchele. Mngeniita." Kisha akanitazama mimi peke yangu. "Jerida, mama mkwe wako akija, mwambie kabla hajaketi. Akishaketi utakuwa umechelewa."

Nikasema ndiyo, Mzee. Na sikufanya hivyo.

Mwaitu alishuka kwenye garimoshi Jumamosi ile asubuhi, na kuku mmoja, na mfuko wa mbaazi, na mfuko mwingine wa nguo. Wa nguo! Hajawahi kuja na nguo. Alipopita bombani akawaambia wanawake bila kuulizwa, "Leo siendi Kaloleni." Nikampokea mizigo. Akaketi. Nikamletea maji ya kunawa, nikasema nitamwambia akishanawa. Akanawa. Nikasema nitamwambia akishakunywa chai. Lakini yeye hakutaka chai kwanza. Alitaka jiwe lake.

Nikalileta. Wambui cherehani yake ilinyamaza. Mzee Shiundu alikuwa amekuja kumsalimu mgeni, ameketi kwenye kigoda chake. Mwaitu akaweka jiwe mapajani, akatoa majani ya tumbaku, akayaponda kidogo, akayanusa. Akakunja uso.

"Ugoro wangu unanuka kiatu."

Akasaga mara moja. Akasaga mara ya pili. Mara ya tatu nusu ya juu ya jiwe ikateleza kutoka kwa mwenzake, polepole, kama mlevi anayeshuka kitandani, ikaanguka kwenye saruji. Ndipo tukafika pale nilipoanzia, watu watano na ukimya. Mutua ndani akacheka. Perpetua akaanza kuomba kwa sauti, kwa Kijaluo. Sikuelewa ila jina langu nililisikia mara kadhaa.

Mwaitu hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepona. Alipangusa tumbaku kwenye mapaja, akainuka, akachukua leso yake akaanza kuifunga kiunoni, ule ufungaji wa kwenda Kaloleni.

Nikapiga magoti nikasema yote. Nyundo, rubi, sonara, gundi. Perpetua sikumtaja, lakini alijitaja mwenyewe, "Na mimi nilikuwepo, mama, mimi ndiye niliyesema agonge kwa nguvu," na kwa neno hilo moja nilimsamehe mengi. Mwaitu aliendelea kufunga leso. Alikuwa amefika kwenye fundo.

"Mama," Mzee Shiundu akasema, "kabla hujaondoka. Jiwe hili ulilipata wapi?"

"Kwa mama yangu."

"Na kabla ya mama yako?"

"Kwa mama yake. Mtoni, huko kwetu. Wewe unauliza kama polisi."

"Na kabla ya mtoni?"

Mwaitu akamtazama kama mtu aliyeulizwa kabla ya Mungu kulikuwa na nani. Mzee akaokota kile kipande kilichoanguka, akakigeuzia kwenye mwanga.

"Hili kwanza lilikuwa tope," akasema. "Tope la chini ya bahari."

"Bahari gani?"

"Kitui palikuwa bahari."

"Kitui?" Mwaitu akaachia fundo. "Kitui hii yetu? Tunayochimba mchanga wa mto kutafuta maji ya kunywa?"

"Hiyo hiyo, mama. Nilikuwa nawapikia wale watu uji, wakibishana hapo hapo kwenye moto, na mimi nina masikio. Walisema nchi mbili ziligongana. Umeona mabehewa yakigongwa pale yadini, yanavyopandana yakapinda? Ndivyo. Ikainuka milima kutoka huko Msumbiji, ikapita Taita, ikapita Ukambani, ikaendelea mpaka Ethiopia. Mirefu kuliko Kirinyaga, Mlima Kenya wenyewe. Na tope likabaki chini kabisa, mlima mzima umelikalia."

"Ulikuwepo?" Perpetua akauliza. Alikuwa ameacha kuomba.

"Wewe Perpetua, ukikuta ukoko kwenye sufuria, unahitaji kuwepo ndiyo ujue ugali ulikaa motoni? Hii milia ndiyo ukoko wake. Tope halina milia. Milia imetoka kwa kukandamizwa na kupikwa bila kuyeyuka. Na zile punje nyekundu hakuna aliyeziweka. Zilimea humo ndani, jiwe likiwa kule chini kwenye joto. Wale watu walikuwa wakikata jiwe jembamba mpaka mwanga upite, wanachungulia punje moja siku nzima, maana katikati yake imemea mapema na pembeni imemea baadaye. Kwa punje hiyo walijua jiwe limeshuka mpaka wapi na joto lilikuwa kali kiasi gani." Akatugeukia. "Ziko wapi zile punje?"

Wambui akaangalia cherehani. Mimi nikaangalia saruji. "Mtaroni," Perpetua akasema. "Jogoo Road."

Mzee akafumba macho kidogo.

"Na huo mlima uko wapi?" Mwaitu akauliza. Alikuwa ameketi, mwanangu. Sikumwona akiketi. "Kwetu ni tambarare, kuna vilima tu."

"Mvua imeubeba. Kidogo kidogo, mchanga mchanga, miaka ambayo hata wao wenyewe walikuwa wakibishana jinsi ya kuihesabu. Na mlima ulivyozidi kuwa mwepesi, cha chini kikawa kinapanda. Ni kama kitanda cha springi. Mtu mnene akiinuka, godoro linamfuata. Basi jiwe lako likapanda, likapanda, mpaka likamfikia nyanya yako mtoni. Mlima wenyewe hatuwezi kuuona tena. Aliyebaki kutusimulia ni huyu." Akaweka kile kipande mapajani mwa Mwaitu.

Mwaitu akakishika. Akapitisha kidole kwenye mashimo tulikobandua punje. Alikaa hivyo mpaka chai ikapoa, halafu akanigeukia.

"Kwa hiyo jiwe langu limekaliwa na mlima," akasema, "mlima mrefu kuliko Kirinyaga. Limepikwa, limefinywa, mvua imelinyeshea tangu Mungu hajaumba watu. Halikuvunjika."

"Ndiyo, Mwaitu."

"Halafu likakaa na wewe wiki mbili."

Mabega yake yakaanza kutikisika, na mimi nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, Perpetua akadakia, na Perpetua akicheka hata kuku wanatoka mtaani. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti, sijui kama nimeruhusiwa.

"Inuka, Jerida," akaniambia. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu. "Nipashie hiyo chai. Na muthokoi nitapika mimi."

Alilala kwangu siku tisa. Kila asubuhi alinikalisha nimsagie ugoro juu ya kile kipande kikubwa, nikipiga chafya mpaka machozi, na mimi nikisaga yeye akinitajia waliolishika kabla yangu: Ndinda akaliokota mtoni akampa Kalunde, Kalunde akampa Nthenya. Nikikosea mmoja, nilianza upya kusaga. Siku ya kuondoka alivifunga vipande vyote kwenye kitambaa, akasimama mlangoni, akafungua kitambaa tena, akanipa kile kikubwa.

"Changu kidogo kinanitosha, nimezeeka," akasema. "Hicho chako ukikivunja, urudi kwenu."

Sikukivunja, mwanangu. Na baada ya siku hiyo Kaloleni hakulala tena.

Sasa nisikilize, wewe unayesoma, na wajukuu zangu mnaoniita Shosho na kupita mbio na simu zenu. Kabla hujavunja kitu ili utoe kile kinachong'aa ndani yake, uliza kimepitia wapi. Uliza hasa yule aliye karibu nawe ambaye unamwona ni mpishi tu, dobi tu, mlinzi wa geti tu. Huyo amekuwa akisikiliza miaka yote wengine wakisema. Na ukikosea, sema mapema, mtu akiwa bado amesimama. Mimi nilitaka kubandika kwa gundi kitu ambacho kingeponywa na maneno mawili, na kama Mzee Shiundu asingekuwa na ulimi, leo ningekuwa mke aliyeachwa na mama mkwe. Wazee tunaonekana tambarare, hakuna cha kutazama. Tuulizeni tulikaliwa na nini.

Mungu akupe mikono mizito ya kufanya kazi na myepesi ya kushika vitu vya watu. Akupe mama mkwe mwenye kicheko, jirani anayekiri makosa yake, na mtu wa kukwambia ukweli bila kukupigia kelele. Watoto wako wakutaje jina lako vizuri, na wasiruke hata mmoja wa waliokutangulia.

Nimeandika nilivyokumbuka. Kama upo uliyekaa Makongeni miaka ile na unajua huenda punje hazikuwa tisa, au Shiundu alikuwa mtu wa Mumias na wala si Butere, tafadhali nisahihishe kabla sijaondoka. Kosa likiwa la watu, ni langu, na nitalirekebisha. Likiwa la mlima, waulizeni waliosoma. Mimi nimemnukuu mpishi.